Siku Tatu Granada: Mwongozo Kamili wa Kupanga Ziara kwa Kuanzia Tiketi ya Alhambra

Wageni wengi hufika Granada, kusini mwa Uhispania, wakiwa wameshalipia ndege, hoteli na viza, halafu wanakwama kwenye lango la Alhambra, ngome ya kilimani yenye makasri na bustani za masultani wa Kiislamu wa zamani. Tiketi zimekwisha. Au tiketi ipo, lakini siyo ile inayoingiza ndani ya makasri. Au jina lililoandikwa halilingani na la kwenye pasipoti. Au wamefika wakiwa wamechelewa na mlango wao umeshafungwa.

Makosa yote hayo yana mzizi mmoja. Safari imepangwa kwa kuanza na ndege na chumba, na tiketi ya Alhambra ikaachwa mwisho kama kiingilio cha kununua papo hapo. Granada inataka mpango wa kinyume. Unaanza na saa moja tu, saa yako ya kuingia kwenye makasri ya Banu Nasri, ukoo wa masultani waliotawala Granada (kwenye tiketi huandikwa Palacios Nazaríes), kisha ndege, treni, chumba na hata chakula cha mchana unavipanga kuizunguka saa hiyo.

Mwongozo huu ni wa ziara ya kulala siku mbili: siku ya kwanza unaingia mchana, siku ya pili ni ya Alhambra, siku ya tatu unazunguka mji wa chini asubuhi na kuondoka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue ukurasa wa tiketi kabla hujaviweka hivi mezani. Ukianza kuvitafuta katikati ya malipo, muda wa kushikiliwa nafasi unakwisha na unarudi mwanzo.

- Pasipoti utakayosafiria nayo. Namba yake inaingia kwenye tiketi. Kama inakaribia kwisha, ifanye upya kwanza, kwa sababu pasipoti mpya ina namba mpya.
- Kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kadi inaweza kufanya kazi vizuri dukani na bado ikakataa mtandaoni kwa kuwa benki haijaifungulia huduma hiyo. Piga simu benki siku moja kabla, na uliza pia kikomo cha malipo kwa siku.
- Laini ya simu inayopokea namba ya siri ya benki wakati wa kulipa.
- Orodha ya wasafiri wote: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti na tarehe za kuzaliwa. Watoto wachanga nao wamo.
- Tarehe tatu tofauti zinazokufaa, siyo moja.

Vya kubeba: viatu vya soli inayoshika, chupa ya maji, begi dogo la mgongoni, sweta hata wakati wa kiangazi kwa ajili ya usiku, na adapta ya plagi ya pini mbili za duara. Plagi ya pini tatu za bapa tunayoitumia Kenya na Tanzania haiingii kwenye soketi za Uhispania.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa hali ya hewa na kwa kalenda ya tiketi

Granada iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na ni joto kavu. Mtu wa pwani aliyezoea kutoka jasho hudanganyika, maana jasho linakauka kabla hajaliona na anaishiwa maji mwilini bila kujua. Desemba hadi Februari usiku hukaribia sifuri.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Septemba ya mwishoni na Oktoba. Ndiyo hiyo pia ambayo tiketi huisha wiki nyingi kabla. Kama kipaumbele chako ni kuingia bila presha, Novemba na Januari baada ya sikukuu ni chaguo la busara, ilimradi uvae koti la kweli.

Saa za kufunguliwa: kuanzia 1 Aprili hadi 14 Oktoba ni 8:30 hadi 20:00. Kuanzia 15 Oktoba hadi 31 Machi ni 8:30 hadi 18:00. Tarehe 25 Desemba na 1 Januari Alhambra imefungwa.

Siku ya Alhambra iwe kati ya Jumanne na Alhamisi. Jumapili maduka mengi ya mjini hufungwa, Jumatatu makumbusho yaliyomo ndani ya kasri la mfalme Carlos V, huko huko Alhambra, hayafunguliwi, na mwisho wa wiki Wahispania wenyewe huja kwa wingi. Wiki Takatifu, ile ya kuelekea Pasaka, iepuke kabisa kama hukuja kwa ajili ya maandamano ya kidini. Njia za katikati ya mji hufungwa na bei ya vyumba hupanda sana.

Onyo la saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24 za Kizungu. 10:00 ni saa nne asubuhi. 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Katika familia inayosoma saa kwa Kiswahili, mmoja akisema "tunaingia saa nne" na mwingine akatafsiri kichwani, ndipo watu wanapopotezana. Andikeni tarakimu za tiketi zilivyo, msizitafsiri. Tena Uhispania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 1 wakati wa kiangazi na saa 2 wakati wa baridi, hivyo hakikisha simu imebadilisha saa baada ya kutua.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na tarehe tatu zilizopangwa kwa upendeleo, na hujalipia kitu chochote bado.

## Hatua ya 2: Kata tiketi ya Alhambra

Hii ndiyo hatua inayoamua safari yote. Ipe saa nzima ya utulivu.

Ingia kwenye tovuti rasmi. Ni tickets.alhambra-patronato.es, ya taasisi inayosimamia eneo lote, Patronato de la Alhambra y Generalife. Ukitafuta neno Alhambra mtandaoni utakutana na tovuti kadhaa zenye jina hilo zinazouza kwa bei ya juu zaidi. Nyingine ni mawakala halali wanaoongeza gharama ya mtembeza wageni, ila usiingie kwao kwa kudhani uko kwa wenyewe.

Chagua aina sahihi. Hapa ndipo wengi huumia:

- *Alhambra General* ndiyo tiketi kamili: makasri ya Banu Nasri, ngome ya Alcazaba, bustani za Generalife na eneo la Partal. Bei yake inazunguka euro 20.
- *Jardines, Generalife y Alcazaba* ni bustani na ngome tu. Makasri hayamo. Ni ya bei nafuu, mara nyingi ndiyo inayobaki, na mtu mwenye haraka huinunua akidhani amepata kila kitu.
- *Visita nocturna a Palacios Nazaríes* ni ya usiku, makasri peke yake, bila bustani wala ngome.

Kipimo ni kimoja: kama hakuna mahali ulipoulizwa uchague saa ya kuingia Palacios Nazaríes, hiyo siyo tiketi unayoitaka.

Chagua saa. Kiangazi chukua 8:30 au 9:00. Wakati huo mabasi ya watalii kutoka pwani ya Málaga hayajafika, na utakuwa umemaliza ngome kabla jua halijawa kali. Wakati wa baridi 10:00 inatosha, kwani asubuhi sana mawe ni baridi mno. Saa za mwisho wa siku zina mwanga mzuri wa picha, lakini ukichelewa huna pa kusogea, na bustani utalazimika kuzitembelea kabla, juani.

Jaza majina. Fomu ina sehemu ya Nombre (majina yako ya kwanza) na Apellidos (jina la ukoo). Sisi wenye majina matatu, la mtu, la baba na la babu, huchanganyikiwa hapa. Usikisie. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, tazama mistari miwili ya chini kabisa iliyojaa alama za mishale. Baada ya herufi tatu za nchi, neno linalotangulia ni jina la ukoo. Baada ya mishale miwili iliyofuatana yanaanza majina ya kwanza. Nakili mpangilio huo hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Usiweke jina la utani, na usikate tiketi zote kwa jina lako kwa kuwa ndiwe unayelipa. Kila mtu ana tiketi ya jina lake na namba yake, na pasipoti hukaguliwa langoni.

Watoto. Walio chini ya miaka 12 hawalipi, lakini lazima wakatiwe tiketi ya bure katika oda hiyo hiyo. Mzazi aliyemsahau mtoto wa miaka minne hujikuta ana tiketi yake mwenyewe mkononi na mtoto hana ruhusa ya kupita.

Lipa, kisha kagua papo hapo. Fungua faili uliyotumiwa na usome vitu vinne: tarehe, saa ya Palacios Nazaríes, jina, namba ya pasipoti. Chapisha nakala moja, hifadhi nyingine kwenye simu mahali pasipohitaji intaneti.

### Nikate tiketi kabla ya kupata viza?

Ndiyo. Tiketi ni takriban euro 20, na ukinyimwa viza ihesabu imepotea. Lakini ukisubiri viza itoke ndipo utafute tiketi, unahatarisha safari nzima ya mamilioni ya shilingi. Kati ya hasara hizo mbili, hiyo ya kwanza inavumilika.

### Kama tiketi zimekwisha

Jaribu kwa mpangilio huu. Kwanza, tarehe yako ya pili na ya tatu. Pili, rudi kwenye tovuti mara kadhaa kwa siku, kwani tiketi zilizorudishwa huonekana moja moja. Tatu, kadi ya watalii ya mji, Granada Card, ambayo ndani yake mna kiingilio cha Alhambra. Nne, ziara ya kikundi ya wakala aliyeidhinishwa. Utalipa zaidi ya mara mbili, lakini uthibitishe kwa maandishi kwamba Palacios Nazaríes imo. Tano, chukua tiketi ya usiku ya makasri pamoja na ile ya mchana ya bustani na ngome. Ukiziunganisha umeona karibu kila kitu, na makasri usiku yana utulivu ambao mchana haupo.

## Hatua ya 3: Viza na karatasi zake

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Anayeishi Ghuba kwa kibali cha kazi huomba kule kule anakoishi, siyo nyumbani.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kwa kawaida uamuzi huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Hivyo peleka angalau miezi miwili kabla, na nafasi ya miadi itafute mapema zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure.

Mambo yanayowaangusha watu:

- Pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu.
- Bima ya safari. Iwe ya angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na ifunike siku zote, ikiwemo siku ya kuingia na ya kutoka. Bima iliyopungua siku moja ni sababu tosha ya kukataliwa.
- Fedha. Uhispania hudai kiwango cha zaidi ya euro 100 kwa mtu kwa siku, na ina kima cha chini cha jumla, takriban euro 1,000 kwa mtu, hata ukikaa siku tatu. Ziara fupi haikuondolei sharti hilo. Fedha iliyomwagwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi huleta maswali, kwa hiyo taarifa ya benki ioneshe mwenendo wa miezi kadhaa.
- Nchi ya kuombea. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi. Kama unakaa siku tatu Granada na siku saba Paris, ombi lako ni la Ufaransa.

Ambatanisha tiketi ya Alhambra. Ni karatasi ndogo, lakini inaonesha kwamba safari ina tarehe na shughuli ya kweli. Ndege na hoteli viwe vya kushikilia nafasi au vinavyoweza kufutwa hadi viza itoke.

## Hatua ya 4: Njia ya kufika Granada

Uwanja wa ndege wa Granada ni mdogo. Kutoka Afrika Mashariki, njia rahisi ni kutua Madrid, kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, kisha kwenda kwa treni au basi. Ukipitia mji mwingine wa Schengen kama Amsterdam, kumbuka kwamba pasipoti inakaguliwa hapo hapo pa kwanza, kwa hiyo usichukue unganisho la chini ya saa mbili.

Treni ya kasi kutoka Madrid. Inaondokea stesheni ya Atocha na huchukua saa tatu na nusu hivi. Mizigo hupitishwa kwenye mashine, hivyo fika nusu saa kabla. Safari za moja kwa moja kwa siku ni chache, na tiketi ya mapema ina bei nafuu kuliko ya siku yenyewe.

Basi kutoka Madrid huchukua takriban saa tano na ni nafuu. Kutoka Málaga basi ni saa moja na nusu hadi mbili, na yapo yanayoondokea uwanja wa ndege wenyewe. Kwa anayetoka Uingereza au miji mingine ya Ulaya, Málaga ndiyo lango bora.

Usikodi gari kwa ajili ya Granada peke yake. Vichochoro vya mji wa kale vina kamera, na gari lisilo na kibali likiingia, faini hutumwa kwa kampuni ya kukodisha na wewe unakatwa kwenye kadi wiki kadhaa baadaye.

Kanuni moja isiyovunjwa: usipange kufika Granada siku ile ile ya tiketi. Treni ikichelewa, saa ya makasri haikungoji. Lala mjini usiku wa kuamkia.

## Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Tafuta chumba kati ya Plaza Nueva na Plaza Isabel la Católica. Hapo una mabasi madogo mekundu ya kupanda Alhambra, una kanisa kuu, una mikahawa, na yote ni kwa miguu.

Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani unaotazamana na Alhambra, una nyumba za kupendeza zenye ua wa ndani, lakini teksi nyingi hazifiki mlangoni na utaburuta sanduku juu ya kokoto na ngazi. Mwenye mzazi mtu mzima au mtoto mchanga alale chini, apande Albaicín kutembea tu. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kuna lifti? Kuna kiyoyozi, au kipasha joto wakati wa baridi? Nyumba za kale nyingi hazina lifti.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza, jioni

Ukishaweka mizigo, panda Albaicín kwa basi dogo la C31 au kwa miguu ukifuata Carrera del Darro kando ya mto. Njiani kuna El Bañuelo, hamamu ya karne ya 11, yenye matundu ya nyota kwenye paa.

Lengo ni kufika uwanja wa San Nicolás saa moja kabla ya jua kuzama. Ukichelewa utaona migongo ya watu. Pembeni yake upo msikiti mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake inatazama Alhambra ile ile, na hufunguliwa kwa wageni nje ya nyakati za sala. Vaa kwa staha.

Shika begi mbele kwenye msongamano. Chini mjini, karibu na kanisa kuu, kuna wanaokupa tawi la rosemari kama zawadi kisha wanakushika kiganja wakidai fedha. Usilipokee tawi, endelea kutembea.

## Hatua ya 7: Siku ya Alhambra

Tuchukulie tiketi yako inasema 9:00.

7:45. Kunywa chai, jaza chupa maji ya bomba, ambayo Granada ni salama. Chukua pasipoti yenyewe, siyo nakala wala picha ya simu. Begi kubwa na stendi ya kamera viache hotelini.

8:15. Panda basi la C30 pale Plaza Isabel la Católica na ushuke Puerta de la Justicia. Kwa miguu kupitia Cuesta de Gomérez ni dakika 20 za mlima mkali. Mwenye tiketi tayari apitie lango hili, kwani liko karibu na makasri. Wengi hushuka kwenye lango kuu la juu kwa sababu ndipo ofisi ya tiketi ilipo, halafu wanagundua kwamba kutoka hapo hadi makasrini ni mwendo wa robo saa au zaidi.

8:40. Nenda chooni karibu na Puerta del Vino. Ndani ya makasri hakuna choo. Kisha simama kwenye foleni ya Palacios Nazaríes. Tiketi ya 9:00 inaingia kuanzia 9:00 hadi 9:30. Baada ya hapo zamu ni ya wengine, na maelezo kwamba basi lilichelewa hayabadilishi kitu.

9:00 hadi 10:30, makasri. Ukishaingia hakuna anayekufukuza, lakini ukitoka hurudi. Kwa hiyo kundi lililoingia nawe liache litangulie. Dakika kumi za kusubiri kwenye ukumbi wa kwanza, Mexuar, zinakupa nafasi kabla zamu inayofuata haijaingia.

Kwenye Ua wa Mihadasi, Patio de los Arrayanes, usikimbilie picha. Inama kwenye beseni la marumaru lililo mwisho wa bwawa. Maji yanabubujika katikati yake, yanazunguka, kisha yanateremka polepole kwa mfereji mwembamba. Yamepunguzwa mwendo makusudi ili yakiingia bwawani uso wa maji usitikisike, na mnara wa Comares uonekane mzima ndani yake. Ukisimama upande ulio mkabala na mnara na kushusha kamera karibu na ardhi, utapata minara miwili, wa juu na wa chini.

Ukumbi wa mabalozi unaofuata ni wa Sultani Yusuf I. Ndiye aliyekuwa akitawala wakati msafiri maarufu Ibn Battuta alipofika Granada mwaka 1350 hivi, miaka 19 baada ya kupita Mombasa na Kilwa. Inua macho: dari ni vipande vya mbao kwa maelfu, vimepangwa kama mbingu saba. Kwenye kuta kuna maneno yanayorudiwa pande zote, *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Aliyepitia chuo cha Kurani akiwa mdogo atayatambua mwenyewe baada ya dakika chache, na kuanzia hapo ukuta hauwi tena urembo mtupu machoni pake, unasomeka. Usiguse lipu hata kwa kidole. Mafuta ya ngozi huiharibu na walinzi ni wakali, kwa haki kabisa.

Ua wa Simba, wenye simba 12 wa marumaru, ndipo penye msongamano mkubwa. Ingia kwenye kumbi za pembeni kwanza, utazame dari zinazoning'inia kama sega la nyuki, kisha urudi uani watu wakipungua.

10:30 hadi 12:00. Utatokea Partal. Rudi kuelekea Alcazaba na upande mnara wa Torre de la Vela, kwani jua likizidi hakuna kivuli kule. Kasri la Carlos V ni la kupita bila tiketi.

12:00 hadi 13:30, Generalife. Ni mwendo wa dakika 15. Sehemu ya juu ya bustani kuna ngazi ambayo kingo zake za mikono ni mifereji, na maji yanateremka pembeni yako ukipanda. Weka kiganja hapo, maana hayo yanaruhusiwa na ni baridi hata Agosti. Toka kupitia lango kuu la juu, ambako C30 inakusubiri kukurudisha mjini.

Umefanikiwa kama unatoka ukiwa umeskaniwa mara tatu: makasri, Alcazaba, Generalife. Kila sehemu huingiwa mara moja tu, hivyo usitoke ukidhani utarudi.

## Hatua ya 8: Kula, na asubuhi ya mwisho

Jiko la mchana ni 14:00 hadi 16:00, kisha mikahawa mingi hufunga jiko hadi 20:30. Ukitafuta chakula cha kushiba saa 18:00 utaambulia mkate. Uliza *menú del día*, sahani mbili na kinywaji kwa bei moja, siku za kazi.

Granada ina desturi nzuri ya kuleta kisahani cha chakula bure kwa kila kinywaji unachoagiza, hata soda. Kwa asiyekula nguruwe, sema *sin cerdo* kabla ya kuagiza, na ujue majina yake: jamón, chorizo, lomo, morcilla, tocino. Baadhi ya mikahawa huweka vipande vya jamón hata kwenye maharage na supu ya mboga, kwa hiyo kuuliza "kuna nyama?" hakutoshi. Mtaa wa Calderería Nueva una mikahawa ya halali na nyumba za chai.

Asubuhi ya siku ya tatu anza na Capilla Real, penye makaburi ya Isabel na Fernando, malkia na mfalme Wakatoliki walioiteka Granada. Picha haziruhusiwi ndani. Kisha kanisa kuu lililo ubavuni, lenye tiketi yake, na umalizie Corral del Carbón, nyumba ya wafanyabiashara ya karne ya 14 isiyo mbali. Saa mbili na nusu zinatosha.

## Mambo yakienda kombo

Jina limekosewa herufi moja. Andikia kitengo cha tiketi cha Patronato mapema, ukiambatanisha tiketi na ukurasa wa pasipoti. Usingoje langoni.

Benki inakataa malipo mara mbili. Acha. Jaribio la tatu linaweza kuifunga kadi. Piga simu benki, au tumia kadi nyingine, kwani jina la mwenye kadi si lazima lifanane na la msafiri.

Umechelewa zamu ya makasri. Nenda kwa mhudumu wa mlangoni ukaeleze kwa upole, ila usijenge matumaini. Tumia Alcazaba na Generalife, ambazo tiketi yako bado inaingiza, na ukiwa umekaa bustanini tafuta kwenye simu tiketi ya usiku huo huo.

Mvua. Kokoto za Albaicín huteleza mno. Badilisha mpango: mji wa chini siku hiyo, Albaicín siku ya mwisho. Alhambra haisogezwi, kwa hiyo beba koti la mvua. Mwavuli mkubwa ndani ya makasri unakugombanisha na kila mtu.

Pasipoti imepotea. Piga 112 kama umeibiwa kwa nguvu. Vinginevyo nenda kituo cha Policía Nacional ukachukue ripoti ya maandishi, iitwayo *denuncia*. Bila karatasi hiyo ubalozi hauwezi kuanza kukuandalia hati ya dharura, na bima haitalipa. Nakala ya pasipoti na viza iache kwenye barua pepe yako kabla ya kuondoka nyumbani, ili siku hiyo uwe na namba za kuwaonesha.